Saa Sita ya Lubumbashi

Mdogo wangu wa kazini amepangiwa kituo cha Lubumbashi, Kongo, kuanzia mwezi ujao. Juzi tulipokuwa tunakunywa chai aliniuliza swali ambalo mbele ya bosi hakuthubutu: "Dada, huko usiku watu wanatoka?" Nikamwambia wanatoka, tena usiku wa Lubumbashi una raha yake ambayo sijaiona kwingine. Halafu nikamwomba anipe siku mbili nimwandikie, kwa sababu jibu la swali lake mimi lilinigharimu dola arobaini, usiku mzima wa baridi, na wiki tatu za kujifungia ndani kila jua lilipozama.

Nilikaa huko miezi kumi na tisa, Mei 2018 hadi Desemba 2019. Kazi yetu ni mizigo. Shaba ya Katanga inatoka kwa malori, inavuka mpaka wa Kasumbalesa, inakatiza Zambia yote mpaka Tunduma, kisha Dar bandarini, na makaratasi yake lazima mtu ayasimamie kule yanakoanzia. Mtu huyo nilikuwa mimi, binti wa Tanga, nina miaka ishirini na saba, sijawahi kuishi nje ya nchi.

Kosa langu la kwanza nililifanya kabla sijapanda basi. Mwenzangu mmoja aliyewahi kukaa Kongo alinishauri nijifunze Kifaransa cha kuombea maji na kutajia saa. Nikamwambia Lubumbashi wanaongea Kiswahili, cha nini Kifaransa? Na kweli wanaongea. Sokoni, ofisini, kanisani, kwenye foleni ya benki, kila mtu Kiswahili. Siku ya kwanza nilifurahi hadi nikampigia mama simu kumwambia niko kama nyumbani.

Kiswahili hicho ndicho kilichoniponza, nami nitakieleza kwa urefu kwa sababu kila kilichonipata baadaye kilitokea hapo.

Wiki ya kwanza mama mwenye nyumba aliniuliza, "Unatumika wapi?" Nikanyamaza. Kwetu mtu anayetumika ni mtu anayetumiwa na wengine kwa faida yao, na nilihisi ananivunjia heshima. Kumbe kule kutumika ni kufanya kazi, aliniuliza tu ofisi yangu iko wapi. Jioni moja nikasikia akimwambia mwanawe, "Fika mbio ku lupango." Kwetu mitaani lupango ni mahabusu. Kule lupango ni kiwanja na ua wa nyumba ya mtu, pale unapolala salama. Nilicheka nao walipoeleza, nikaona ni mambo ya kupendeza. Sikuona hatari iliyokuwa ndani yake. Neno nisilolijua lilinifanya nisimame niulize. Neno nililolijua lilinipitisha moja kwa moja, nikiwa na uhakika, mpaka kusikostahili.

Barabara nayo ni hivyo hivyo. Kule wanaendesha upande wa kulia, lakini magari mengi yameshushwa bandari ya Dar yakafika kupitia Zambia, kwa hiyo usukani uko kulia kama wa kwetu. Jicho linaona gari la nyumbani, akili inasahau kuwa barabara si ya nyumbani. Usiku wangu wa pili niliangalia kulia, nikakanyaga lami, na pikipiki isiyo na taa ikanipita kutokea kushoto, upepo wake nikausikia kwenye nguo. Angalia kushoto kwanza, kisha kulia, kisha kushoto tena. Ukishuka kwenye teksi usiku, hakikisha hushukii katikati ya barabara, maana abiria wa mbele katika gari la namna ile anafungua mlango kwenye magari yanayopita.

Na baridi. Mtu wa pwani akisikia Kongo anawaza msitu na joto. Lubumbashi iko juu, takriban meta 1,200 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai usiku wake unang'ata. Mimi nilibeba madera na sandali.

Mara ya kwanza kutoka usiku nilitolewa na Yaya. Yaya kule ni dada au kaka mkubwa, ndivyo tulivyomwita mama mmoja wa ofisini aliyenichukua kama mdogo wake. Alikuja na mumewe Jumamosi, tukaenda Kamalondo, komini (yaani sehemu ya mji) ya zamani yenye uwanja wa timu ya mpira ya TP Mazembe. Viti vya plastiki vimepangwa nje hadi barabarani, spika kubwa kuliko mlango, rumba inapigwa kwa sauti ambayo huisikii kwa masikio tu, unaisikia kifuani. Chupa za bia za Simba na Tembo ni kubwa, watu wanazigawana kwa bilauri. Mimi sinywi pombe. Niliagiza soda, mhudumu akanitazama, Yaya akasema, "Anataka sukre." Soda kule ni sukre, weka kichwani.

Kisha michopo. Hiyo ni nyama ya mbuzi ya kuchoma, na namna ya kuinunua ni kwenda mwenyewe motoni, unaonyesha kipande kwa kidole, mchomaji anakata mbele yako, anarudisha makaani, anakuletea kwenye karatasi na kitunguu, chumvi na pilipili. Nimekula mishikaki ya Forodhani na nyama za Dar, na bado naitaja michopo ya Kamalondo kwa heshima. Kula kwa mkono, na usione haya kurudi kuomba ichomwe zaidi.

Yaya alinifundisha mengi usiku ule bila kuonekana anafundisha. Chupa yoyote, hata ya sukre, ifunguliwe mbele ya macho yako. Mhudumu mwenyewe anajua, anasubiri ukubali ndipo afungue. Meza ya jirani walipotuma chupa kwangu, Yaya aliirudisha kwa upole na ujumbe kwamba dada anashukuru, anakunywa kwa makuta yake, yaani pesa zake. Akaniambia sikioni kwamba chupa ya kutumiwa ni barua, na ukiipokea umeshaijibu. Hawakukasirika, mmoja alininyooshea bilauri kwa mbali. Waliposikia natoka Tanzania, meza nzima ikageuka: "Kwa Samatta!" Mbwana Samatta aliichezea Mazembe tangu 2011, na alikuwa kikosini walipochukua ubingwa wa Afrika wa 2015. Kwa jina lake nilipewa salamu na viti mji mzima. Ila uliza kwanza kama unaongea na mtu wa Mazembe au wa Lupopo. Timu zote mbili zilianzishwa 1939, na ubishi wao una umri huo huo.

Tulirudi saa tano usiku, wanne kwenye gari, nikalala vizuri. Jumamosi iliyofuata tukatoka tena. Ya tatu, mtoto wa Yaya akaumwa homa, naye akaniambia, "Wiki hii tulia nyumbani." Nilimsikia. Nikaenda peke yangu.

Nimejiuliza sana kwa nini. Upweke ulichangia, ofisi ilifungwa Ijumaa jioni na mimi nikabaki na kuta nne hadi Jumatatu. Lakini zaidi nilijiona mwenyeji. Wiki tano nilikuwa nazo mjini, lugha ninayo, Samatta ninaye.

Nilikuwa nimesikia kwamba kuna kundi la karindula linapiga katika komini ya Kenya, ndiyo, jina ni hilo la nchi, ni komini ya watu wengi yenye soko kubwa, na usiku haipoi. Dereva wa teksi, mzee ambaye mama mwenye nyumba anamwamini, alinipeleka. Niliposhuka nikamwambia, "Uje unichukue saa sita." Akajibu, "Saa sita, muzuri." Tukaagana.

Karindula ni ala yenyewe na ni muziki wake pia. Ni kama banjo kubwa, tumbo lake ni pipa la mafuta lililowambwa ngozi ya mbuzi, mpigaji anaikalia au anaiegemea, nyuzi nne zinatoa mvumo mzito, na ngoma zinaingia juu yake. Vijana walicheza hadi vumbi jekundu likapanda kwenye taa. Wazee walikuwepo, watoto walikuwepo, wanawake wenye watoto mgongoni walikuwepo. Nilisimama kwenye duara, nikaimba viitikio nisivyovielewa vizuri, nikajisahau. Sitasema uongo kwamba usiku ule wote ulikuwa mbaya. Saa mbili zile ni katika furaha kubwa nilizowahi kuzipata ugenini.

Umeme ukakatika. Jenereta likawaka baada ya muda, lakini watu walianza kupungua, nami nikaenda terasi ya jirani, baa ya viti vya nje, kulipa sukre zangu na nyama. Nikatoa noti ya dola ishirini. Mama wa kaunta akainyoosha kwenye mwanga wa simu, akanionyesha mpasuko pembeni, mdogo kama ukucha wa mtoto, akanirudishia. Kongo dola inatumika pamoja na franga, kila mahali, lakini dola iliyochanika hata kidogo, iliyoandikwa kwa kalamu, au ya matoleo ya zamani, haipokelewi. Nilikuwa nimeambiwa, sikutilia maanani. Nikalipa kwa franga zote nilizotenga kwa dharura. Nikabaki na dola ishirini mbovu na arobaini nzima ndani ya soli ya kiatu.

Saa sita kasoro nikasimama nje kumsubiri mzee. Saa sita ikafika. Saa sita na nusu. Nikampigia, simu ikaniambia sina salio. Laini ya Kongo nilikuwa nayo, lakini inite, yaani vocha kama tunavyosema sisi, ziliisha mchana nami nikaona nitanunua kesho. Saa saba terasi ikafunga mageti. Baridi ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa, nina dera na kanga moja mabegani. Pikipiki mbili zilisimama, madereva siwajui, nikakataa. Hapo tu ndipo niliamua vizuri usiku ule. Kisha nikaamua vibaya tena, nikaanza kutembea kuelekea barabara kubwa nilikoona mwanga.

Wanaume wawili wenye sare wakanisimamisha. Sauti zao hazikuwa za vitisho mwanzoni. Mmoja akasema, "Dokima." Nikatoa nakala ya pasipoti niliyokuwa nayo mkobani, pasipoti yenyewe niliiacha nyumbani. Akaimulika, akanirudishia, akasema:

"Tosha pasipoti."

Nikasikia: inatosha, pasipoti imetosha. Nikamshukuru, nikaikunja nakala, nikaondoka.

Nilipiga hatua nne au tano ndipo nikasikia kelele nyuma yangu na mkono ukanishika bega. Kule kutosha ni kutoa. Alikuwa ameniamuru nitoe pasipoti yenyewe, nami mbele ya macho yake nikamgeuzia mgongo. Kwake nilikuwa nimemdharau. Nilijaribu kueleza, na kadiri nilivyoeleza kwa Kiswahili changu cha Tanga ndivyo walivyozidi kuona ninajifanya. "Unasikia Swahili, unajifanya hausikii!" Ndivyo alivyosema, na kwa upande wake ilikuwa haki kusema hivyo. Nililia. Nilitetemeka kwa baridi na kwa hofu, sikujua kipi kinatetemesha zaidi. Wakazungumzia kunipeleka mahali hadi asubuhi. Nikavua kiatu, nikatoa dola arobaini. Waliponiachia, mmoja aliniambia, tena kwa sauti ya baba, nisitembee usiku.

Sijivunii zile arobaini. Lakini sitamwambia mdogo wangu abishane kwenye giza, saa saba usiku, peke yake.

Aliyeniokoa alikuwa mama muuza mayai. Alikuwa amekaa pembeni ya njia ile ile, na babula lake, jiko la makaa, sufuria ya mayai ya kuchemsha, birika, na taa ndogo ya betri. Aliona yote. Walipoondoka akaniita, "Ikala hapa, mutoto yangu." Nikakaa kwenye kindoo alichokigeuza. Akanifunga kitenge chake kimoja mabegani, akanipa yai na chumvi na pilipili, na kikombe cha chai ya moto. Hakuniuliza lolote mpaka nilipomaliza. Kisha akauliza, "Juu ya nini uko peke yako?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Nilikaa naye hadi kukacha. Nikajua usiku wa mji ule una watu wake ambao nisingewaona nikiwa kitini Kamalondo. Walinzi waliomaliza zamu walikuja kula mayai mawili mawili wakiwa wamesimama. Muuguzi akapita. Vijana wa karindula wenyewe wakaja, wamebeba ngoma vichwani, wakanunua kwa mkopo naye akaandika kwa mkaa kwenye kipande cha boksi. Kila aliyeniuliza mimi nani, mama alijibu yeye: "Ni mutoto yangu, anatoka Tanzanie." Na mtu akaniacha. Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kimekosekana. Kiswahili nilikuwa nacho. Mtu wa kusema "huyu ni wangu" sikuwa naye.

Kulipoanza kupambazuka, mbingu ikiwa ya kijivu, teksi ya mzee ikaja taratibu, ikasimama mbele ya geti la terasi ng'ambo ya barabara. Mzee akashuka, akatazama saa yake, akatazama geti. Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi kwa hesabu yangu. Kwa hesabu yake, inayofuata saa za Kifaransa, ilikuwa saa sita kamili. Hakuchelewa hata dakika. Alidhani nakesha na wacheza karindula, kwa kuwa wengi hukesha, akalala mapema ili aamke kunichukua. Alipojua yaliyonipata alishika kichwa, akakataa nauli.

Mpaka leo nikitaja saa mbele ya mgeni, naiandika kwa tarakimu kwenye simu na kumwonyesha: 00:00. Kule wengi niliokutana nao wanahesabu hivyo, saa moja yao ni saa saba yetu. Na wako nyuma ya Dar kwa saa nzima, usisahau kurekebisha simu.

Mama mwenye nyumba hakunipa pole. Alinikalisha jikoni akasema, "Hapa busiku banatembeaka babili," yaani usiku watu hutembea wawili, kisha akaniuliza maswali ambayo mimi nayaandika kama orodha yake, si yangu. Namba yake naijua kwa kichwa au iko kwenye simu tu, na simu ikiibwa? Mtu gani lupango anajua niko wapi na narudi saa ngapi? Noti ndogo ndogo za franga zina mfuko wake, mbali na pochi? Pasipoti haitembei usiku, lakini nakala iliyogongwa muhuri inatembea, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, nakala yake pia. Simu isitolewe kupiga picha barabarani, hasa karibu na majengo ya serikali au watu wenye sare. Dereva awe mmoja, anayejulikana nyumbani. Alinituma benki na ile dola iliyochanika nao wakaikataa, nikaja kuiuza kwa mbadilisha fedha wa mezani kwa hasara ya dola nne.

Wiki tatu sikutoka. Niliporudi tena usiku, nilirudi kwa Yaya.

Ninayotaka mdogo wangu ajue ni kwamba usiku mzuri kuliko yote Lubumbashi haukuwa wa muziki. Septemba baba wa jirani alifariki, mzee aliyetumika miaka mingi kwenye kampuni ya migodi ya serikali. Msiba kule wanauita kilio, na kilio kinalala nje. Wanaume wanakaa kwenye viti kuzunguka moto, wanawake kwenye mikeka, usiku kucha, siku kadhaa. Nilimuuliza mama mwenye nyumba niende na nini. Akasema kitenge kiunoni, mchango kwenye bahasha, na mikono ya kuosha vyombo. Nikaosha masufuria ya bukari, ndio ugali wao, mpaka saa nane usiku, halafu nikakaa mkekani.

Wazee motoni walikuwa wakizungumza habari za mzee, na kutoka kwake wakaingia kwenye mji. Mmoja akakumbuka alivyosimuliwa na baba yake mji ulipoitwa Élisabethville, ulioanza 1910. Mwingine akaeleza mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa ile kampuni walipoondolewa kazini, na jinsi marehemu alivyorudi nyumbani siku hiyo na bahasha, akaketi pale pale ulipo moto, hakuingia ndani mpaka usiku. Bomba refu la kiwanda cha kuyeyushia shaba na kile kilima cheusi cha takataka zake nilikuwa navipita kila siku. Baada ya usiku ule sikuweza kuvipita bila kumwona mtu ameketi uani na bahasha.

Mtu akanigeukia: "Wewe unasema Swahili bora. Tuombee." Swahili bora ndivyo wanavyokiita Kiswahili cha kwetu. Nikawaambia mimi ni Mwislamu. Wakasema Mungu atasikia. Nikaomba kwa maneno machache, wakaitikia amina, na aliyeandika michango daftarini akaniuliza jina. Sikuulizwa tena katika mtaa ule mimi ni nani, mchana wala usiku.

Usiku mmoja zaidi, kwa kifupi, kwa sababu unahusu maandalizi. Uchaguzi wa urais ulifanyika 30 Desemba 2018, kesho yake intaneti ikazimwa nchi nzima, na haikurudi hadi takriban 20 Januari. Mkesha wa mwaka mpya hatukutoka kabisa. Mama yangu Tanga hakuweza kunipata WhatsApp akadhani nimekufa. Weka vocha ya kawaida kila wakati, andika namba kwenye karatasi, na waambie nyumbani mapema kwamba ukimya wa mtandao si habari ya msiba. Sisi lupango tulikula pamoja, mama akachinja kuku wawili, mzee wa teksi akaja na wajukuu, na saa yetu sita ya usiku, safari hii ya 00:00, tukapigiana makofi ua mzima bila muziki.

Mdogo wangu, beba sweta mbili. Beba dola mpya zisizo na mkunjo. Jifunze kusema kwa Kifaransa saa, namba, na "sielewi", na ukisikia neno unalolijua, uliza tena.

Kabla sijaondoka nilimpelekea mama wa mayai doti ya kanga kutoka Tanga. Pesa alikuwa amezikataa mara tatu. Kanga alizipokea, akazinusa, akaomba nimsomee jina la kanga, nikamsomea, akalirudia kwa Kiswahili chake. Anakaa karibu na soko la Kenya, upande wa kulia ukitokea barabara kubwa, kuanzia giza linapoingia. Ukienda huko na Yaya, mnunulie mayai hata kama umeshiba, umwambie Dada wa Tanga anamsalimia.